Kufuli la Shemeji kwenye Chumba cha Mashine

Mtu akifa katika ukoo wa akina Musonda, kitu cha kwanza ndugu zake wanachokitafuta si sanduku la kumzikia. Ni kufuli. Germaine alilijua hilo tangu alipoolewa, maana alikwisha kuwaona wajane wengine wa ukoo huo wakikalishwa kwenye mkeka huku milango ya nyumba zao ikifungwa nyuma ya migongo yao. Lakini kujua jambo si kulipokea. Siku ya mazishi, walipomrudisha kutoka makaburini, miguu yake ikiwa bado na udongo mwekundu, alimkuta shemeji yake Jeannot mbele ya chumba cha kando, chumba alichokuwa akifanyia kazi mumewe Liévin, akilivuta kufuli jipya kuona kama limeshika.

"Ni ya muda tu, shemeki," Jeannot alisema bila kumtazama. "Mpaka tutatosha kilio, matanga iishe. Njo desturi."

"Hii kufuli uliipata wakati gani? Jana tulikutuma mbao za sanduku."

"Niliipata ku njia."

"Ku njia ya mbao."

Jeannot akatia ufunguo mfukoni. Alikuwa mtu wa shahada na shati lililopigwa pasi, mfanyakazi wa ofisi ya kampuni ndogo iliyokuwa na shughuli kwenye mgodi wa Kinsevere. Nyumba yake ilipakana na ya kaka yake hapo Makomeno, ukuta mmoja tu katikati. Walikuwa watoto wa tumbo moja. Germaine alikuwa amempikia miaka yote kabla hajaoa, na sasa alikuwa akisikia ufunguo wa nyumba yake ukigonga sarafu katika suruali ya mtu huyo.

Na chumba chenyewe, nani alikijenga? Hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Germaine alikuwa binti wa mtu wa reli. Babu yake alishuka kutoka Kongolo akifuata njia ya treni, baba yake akazeeka akikaza mataruma, na kaka zake wote walisomeshwa kwa mapadri. Yeye alibaki kuchota maji. Baba alisema binti kazi yake ni nyumba, na kitabu hakisongi bukari. Basi alipoolewa hakuwa na herufi hata moja ya kujisomea, ila alikuwa na mgongo. Alipanda juu ya malori kwenda Lukafu kufuata makala, mkaa wa kuuza, akakaa juu ya magunia kurudi nayo, mvua ikimnyeshea, uso mweusi hata watoto wakimkimbia. Liévin alipomaliza kazi Kinsevere na kurudishwa nyumbani na buti zake mkononi, ni makala ya Germaine yaliyomlisha. Na ni makala hayohayo yaliyonunua kompyuta ya kwanza. Iliingia nyumbani ikinuka moshi. Liévin akaiita Lukafu, ili asisahau ilikotoka.

Ya pili akaiita Kinsevere, kwa kuwa aliinunua kwa kile alichopewa wakati wa kuondoka huko. Ya tatu akaiita Makomeno, maana wakati huo mtaa wenyewe ulikuwa umeanza kuwalisha: wanafunzi na vitabu vyao vya kumaliza masomo, wazazi na barua za kuomba kazi, wanakwaya na karatasi za nyimbo. Jamaa walikuja na mwandiko mbaya wakaondoka na kurasa safi. Liévin alichapa, Germaine aliuza maji baridi na juisi kwenye kibaraza kwa wale waliosubiri. Juu ya bati kulikuwa na mabamba ya jua, na betri ilikuwa ndani ya chumba kilekile. Nayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mashine pamoja na friji ya juisi, umeme wa mji ukatike usikatike.

Liévin hakuwa mtu wa kuzima mashine zake. Aliziacha zilale. Asubuhi, akiwa bado kitandani, alichukua simu, akabonyeza mara moja, na ng'ambo ya ukuta zote tatu zikaanza kuvuma kama paka wanaopapaswa mgongo.

"Lamukeni, batoto," alikuwa akisema. "Bateja banakuja."

"Mashini unailamushaka na kidole," Germaine alikuwa akimjibu, "miye unanilamushaka na kiwiko."

Ndiyo yalikuwa maisha yao, na hayakuwa mabaya.

Sasa, dada mkubwa wa marehemu, Chola, alibaki kulala hapo wakati wa kilio. Alikuja na mkeka, na mdomo, na jicho la kuhesabu sufuria. Asubuhi moja, jogoo wakiwa bado wanabishana, alitoka nje kwenda kunawa, akapita mbele ya dirisha la chumba kilichofungwa. Ghafla Germaine akasikia ndoo ikianguka na Chola akiita jina la mama yake mzazi.

Ndani ya chumba, nyuma ya nondo za dirisha, mashine zilikuwa zimeamka. Zilivuma zote tatu. Na kwenye kioo cha Lukafu, kwa kuwa Liévin ndivyo alivyokuwa ameipanga, palikuwa na picha yake mwenyewe: shati jeupe, siku ya harusi ya binti yao Keren, anacheka meno yote. Uso wa marehemu ulikuwa uking'aa ndani ya giza, kufuli likining'inia mlangoni, ufunguo ukiwa kwa Jeannot.

Baada ya muda mashine zikalala tena zenyewe. Kesho yake, saa zilezile za mapambazuko, zikaamka. Na kesho yake.

Ukoo ulikuja kutazama. Walisimama dirishani kama watu wanaoangalia nyoka aliyeingia kisimani. Germaine aliwaambia alichokijua, na alichokijua kilikuwa kidogo: kwamba Liévin alikuwa akiziamsha kutoka mbali, kwa simu.

"Na ile simu iko wapi?" akauliza Chola.

Simu ilikuwa kwa Chola mwenyewe. Alikuwa ameichukua siku ya kifo, akaifunga kwenye kitambaa, imezima tangu hapo.

"Basi," Chola akasema, "simu imekufa, mwenyewe amekufa, mulango iko na kufuli. Mulamu, utuambie weye: ni nani anailamusha?"

"Siyue."

"Hauyue. Lakini ni wewe ulikuwa unalala naye. Angekuwa amekufurahia angelala."

Hayo yalisemwa mbele ya watu, na hakuna aliyeinua mkono kumnyamazisha. Germaine akaona jinsi neno lake la kweli lilivyogeuzwa kuwa kamba ya kumfungia. Angenyamaza, wangesema anaficha. Amesema, wamesema ni mchawi anayejua njia za mumewe.

Mkubwa wa ukoo alikuwa mzee Musonda, mjomba wa marehemu, ambaye aliishi upande wa pili wa mji na kwa kawaida alionekana tu palipo na nyama. Aliketi kibarazani, akanywa juisi ya Germaine bila kuuliza ni ya nani, kisha akatoa hukumu. Kwa desturi yao, mwanamke akifiwa na mume, kivuli cha marehemu kinabaki mwilini mwake. Siku ya kutosha kilio, mkubwa wa ukoo humfunga ushanga mweupe kwenye kifundo cha mkono, na kwa ushanga huo mjane anakuwa mtu huru: akae kwake, auze, apikie watu, na hakuna wa kumgusa. Lakini kama marehemu hajatulia, ushanga haufungwi, na yule anayemwamsha hawi huru mpaka asafishwe kwa unga mweupe kwenye paji la uso.

"Na unaona mwenyewe, mama," Musonda alisema. "Hajatulia. Analamuka kila asubui. Anaita."

"Anaita nini, ba nkambo?" Germaine akamuuliza mzee.

"Anaita mutu wa kukamata nafasi yake."

Mtu huyo, bila shaka, alikuwa Jeannot. Germaine achague: ampokee Jeannot awe mrithi wa kaka yake, amrithi yeye mjane pamoja na kiwanja chote, au afunge nguo zake, arudi kwa kaka zake, na nyumba ibaki na ukoo mpaka marehemu atulie. Wangemalizana Jumapili ya kutosha kilio.

Germaine alicheka, kicheko kisicho na mate. Jeannot hakuwa akimtaka. Mwanamke wa makamo aliyepinda mgongo kwa magunia ya Lukafu, amtakie nini? Alikuwa akikitaka chumba cha barabarani, penye mlango wa wateja. Alikwisha kusikika akimwambia fundi kwamba pale pangefaa bohari ya saruji.

"Nizimishe betri basi," Germaine aliomba. "Fungua mulango, nizimishe, tutaona kama atalamuka."

Chola akashika kifua. "Bamusikie. Anataka kumukatia ndugu yetu pumuzi."

"Na friji yako, shemeki?" Jeannot akatabasamu. "Inakula ku ile ile betri. Utauzisha maji ya moto?"

Wakaondoka. Walikuwa wamekula.

Kuanzia hapo watu wa mtaa walianza kuizunguka nyumba yake. Waliokuwa wakinunua juisi walivuka barabara. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisa, mtu aliyevaa naye kitenge kimoja siku ya Pasaka, alimletea sala kwa kusimama langoni, akaisali haraka, akaenda. Usiku Germaine alilala vizuri kuliko walivyofikiri, kwa sababu hasira ni blanketi. Asubuhi aliamka kabla ya mashine, akaketi mbele ya dirisha na kikombe chake, akazisubiri. Picha ilipowaka alimwambia: "Bonjour, Baba Keren. Banasema ni miye ninakusumbua." Picha ilicheka tu, kama ilivyocheka siku ya harusi, kisha kioo kikazimika.

Hakuogopa. Mtu uliyemfulia shati hilo jeupe utamwogopaje?

Wiki ya mwisho kabla ya Jumapili hiyo, Jeannot alitumwa na kazi yake Kinsevere, akakae huko mpaka Jumamosi. Siku aliyoondoka, mashine hazikuamka. Kesho yake pia hazikuamka. Germaine alikaa na kikombe chake mbele ya kioo cheusi, na hapo ndipo alipohisi upweke kwa mara ya kwanza. Lakini aliwaza pia: vema, sasa watasema ametulia.

Hakuwa bado amewajua watu hao.

"Unaona?" Chola alisema, akipiga kofi moja. "Jeannot ameenda, na yeye amenyamaza. Amefuata ndugu yake. Ni Jeannot anamutaka. Mulamu, haina tena ya kuongea."

Mashine zilipoamka lilikuwa kosa la Germaine; na zilipolala lilikuwa kosa la Germaine pia. Kuna watu ambao hata mvua ikinyesha juu wataitafutia mwanamke wa kuilipia.

Basi ilikuwa Ijumaa, jua limekwisha kupanda, Chola akiwa sokoni, Germaine akichuja munkoyo, kinywaji cha mahindi, uani kwa ajili ya wageni wa Jumapili, maana hata wanaokuja kukufukuza lazima uwanyweshe. Ng'ambo ya ukuta, kwa Jeannot, akasikia muziki wa harusi, vigelegele vya kwenye video, na mke wa Jeannot, Mimi, akicheka peke yake. Na wakati huohuo, nyuma yake, chumba kikavuma.

Aligeuka. Dirishani, Liévin alikuwa akicheka katika shati lake jeupe.

Haikuwa mapambazuko. Jeannot hakuwepo. Germaine aliacha munkoyo, akatazama dirisha, akatazama ukuta. Juu ya ukuta ule palipita waya wa buluu, mnene kama mkia wa panya. Ulitoka katika chumba cha Liévin, ukaingia dirishani kwa Jeannot. Ulikuwepo miaka mingi. Ndugu wawili walikuwa wameuvuta pamoja ili Jeannot apate intaneti ya kaka yake bila kulipa. Watu waliuzoea hadi hawauoni. Germaine mwenyewe aliwahi kushika ngazi ulipokuwa ukifungwa.

Hakupita langoni kama mgeni. Alipanda juu ya tofali, akaweka kidevu ukutani.

"Mimi!" akaita.

Muziki ukakatika. Mimi akatokea mlangoni akijifuta mikono isiyokuwa na maji.

"Mama Keren. Unatafuta nini?"

"Uko nafanya nini mu nyumba?"

"Ninapika."

"Sufuria yako inaimba vigelegele?"

Mimi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haya, aliyesoma hadi karibu kumaliza sekondari. Akaangalia lango, kisha akanong'ona kama kwa dada mkubwa. "Yaya, usimuambie. Haitake niguse mashini yake, ile ordinateur. Nilikuwa naangalia tu ndoa ya mudogo wangu."

"Siko kwa kukushitaki. Zima, halafu ufungule tena."

"Juu ya nini?"

"Zima tu. Nakuomba kama dada."

Mimi akaingia ndani. Germaine akangoja dirishani mwa chumba hadi Lukafu na wenzake walipolala tena, kisha akapiga kelele: "Sasa." Muda wa kumeza mate mara chache, na chumba kizima kikaamka.

Alizunguka langoni, akaingia kwa Jeannot. Mimi alikuwa ameinama mbele ya kioo. Pembeni, chini, palikuwa na kijidirisha kidogo cha maandishi.

"Inasema nini?"

"Hii? Inakuyaka kila mara akifungula. Bwana yangu anaifukuzaka kama nzige." Mimi akasoma, na sauti yake ikaanza kupungua. "Inasema: Ndugu, nimelamusha Lukafu, Kinsevere na Makomeno. Tuma karatasi zako." Akamgeukia Germaine. "Yaya. Ni Baba Keren aliandika."

Hapo Germaine akakumbuka. Jeannot alikuwa akimletea kaka yake karatasi za kuchapa kila siku, bure, na kila siku akilalamika kwamba mashine zimelala, ngoja ziamke. Kumbe Liévin alimfanyia dawa: kila Jeannot anapofungua kompyuta yake mwenyewe, hiyo inatuma wito kupitia waya, na zile tatu zinaamka kumpokea. Jeannot, mtu wa shahada, alifungua kompyuta yake kila alfajiri kabla ya kazi, akakifunga kijidirisha bila kukisoma, akanywa chai, akaenda. Na ng'ambo ya ukuta, mjane wa kaka yake akaitwa mchawi.

Germaine aliketi kwenye kiti cha Jeannot. Alitaka kulia, hasira ikamkatalia.

"Jumapili utasema," alimwambia Mimi.

Mimi akarudi nyuma hatua moja. "Siwezi. Ataniuliza nani aligusa."

"Mimi, beko banataka kunitosha mu nyumba yangu. Ao baniozeshe kwa bwana yako. Njo unataka? Tupike zamu kwa zamu?"

"Sitaki." Machozi yakamtoka. "Lakini aliniapia: siku nitagusa hii mashini, nitarudia kwetu. Na kwetu hakuna mutu tena, yaya. Unajua."

Germaine alijua. Akamtazama mwanamke huyu mwenye macho ya kusoma, ambaye alikuwa na ukweli wote mbele yake kwenye kioo na alikuwa akiogopa mwanamume aliyekuwa mbali Kinsevere. Hakumtukana. Alirudi uani kwake, akakuta nzi wameingia kwenye munkoyo, akaumwaga, akaanza upya.

Jumapili ilifika na misa ikaisha. Walikuja wote. Mzee Musonda alikuwa na fimbo na kofia, na ushanga mweupe mfukoni, uliofungwa katika karatasi. Aliuleta ili kumwonyesha Germaine kitu atakachokikosa. Jeannot alikaa karibu naye. Chola alikaa mahali pa kuona sufuria. Mimi alizunguka na sinia, macho chini.

"Mama," Musonda akaanza, "tuko hapa kwa amani. Hatukufukuze. Ni marehemu anakataa."

"Nimesikia, ba nkambo. Naomba kusema neno moja."

"Sema."

"Jeannot njo anailamushaka."

Vichwa vikamgeukia Jeannot. Kisha Chola akacheka, na kicheko kikazunguka mkutano kama kibuyu cha pombe.

"Akifungula yake, zile za Liévin zinalamuka," Germaine akaendelea. "Kupitia ule waya. Alipoenda Kinsevere, hakuna mutu alifungula, na zilinyamaza. Njo ile tu."

Jeannot alijifuta jicho. "Shemeki, pardon. Hata jina yako haujue kuiandika. Leo unanifundisha ordinateur?"

"Sikufundishe. Nakuambia."

"Nani alikuambia weye?"

Sinia mikononi mwa Mimi ikatoa sauti ndogo. Germaine hakumtazama. Angemtazama, angemuuza.

"Nimeketi mbele ya ile dirisha tangu mulinifungia," alisema. "Macho haisomake masomo, lakini inaonaka."

"Ni bongo, uongo mutupu," Jeannot akasema. "Yangu ni yangu, zake ni zake. Mutu mwenye akili haiwezi—"

"Basi enda ufungule."

Aliyesema hivyo alikuwa Mimi. Alisema polepole, akiweka sinia chini, kama mtu anayesaidia tu kazi iishe.

"Papa, enda ufungule, baone yenyewe kama hakuna kitu. Halafu tukule. Bukari inapoa."

Jeannot akamtazama mkewe, na kwa kuwa alikuwa na uhakika, akafurahi. Mzee Musonda alikubali kwa fimbo. Jeannot akasimama, akanyoosha shati, akapita langoni akitembea kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Ukoo wote ukasogea dirishani. Mashine tatu zilikuwa zimelala, vioo vyeusi, na nyuso zao zilionekana ndani yake kama kwenye maji ya kisima.

Walisikia mlango wake ukifunguka ng'ambo. Walisikia kiti kikivutwa.

Kisha Makomeno ikaanza kuvuma, ikafuata Kinsevere, na katikati ya nondo, katika shati lake jeupe, Liévin akawachekea wote.

Mtu mmoja nyuma akajikwaa akikimbia. Chola alikuwa ameushika mkono wa Germaine, wa Germaine huyohuyo, akijificha nyuma ya bega lake. Mzee Musonda alivua kofia.

Ndipo Jeannot akarudi, akitabasamu. "Eh bien? Munaona kama hakuna kitu?"

Walikuwa wamemgeuzia nyuso, na mwanga wa dirisha ukiwa nyuma yao. Tabasamu lake likateremka lenyewe. Alikuja hadi dirishani, akaona, akatazama waya, akaufuata kwa macho hadi nyumbani kwake.

"Bon," alisema mwishowe. "Hii ni kintu ya technique. Ni programu. Yaya Liévin aliiweka, nikasahau. Haina maneno ya mufu. Ni technique tu."

Germaine alikuwa amengoja wiki zote hizo bila kupandisha sauti, na hata sasa hakuipandisha.

"Ilipokuwa ku miye," alisema, "ilikuwa mufu. Imefika ku weye, imekuwa technique."

Jeannot alifungua mdomo.

"Ngoja. Miye nilisema simu, mukasema uchawi. Niliomba nizimishe betri, mukasema ninaua mara ya pili. Bateja yangu balikimbia. Mama wa kanisa alinisalia ku lango kama imbwa mugonjwa. Na kila asubui weye ulikuwa nakunywa chai pa kando ya ile mashini yako." Akamgeukia Musonda. "Ba nkambo, ni desturi yenu, haina ya kwetu. Mulisema mwenye kumulamusha marehemu njo haachwe huru. Mulisema asafishwe. Sasa munamujua. Mumusafishe."

Watu waliangalia chini. Kijana mmoja wa ukoo alianza kucheka, akageuza kuwa kikohozi. Mzee Musonda alizungusha kofia yake mikononi kwa muda mrefu, kwa kuwa sheria aliyoileta mwenyewe ilikuwa imesimama mbele yake ikimtazama.

"Mambo ya Jeannot tutaiongea mu famille," alisema.

"Ya kwangu muliiongea inje."

Mzee aliirudisha kofia kichwani. Alitoa karatasi mfukoni, akaifungua, akamwashiria Germaine anyooshe mkono. Vidole vyake vilikuwa vizito, uzi ukamponyoka, na ni Mimi aliyekuja kukaza fundo. Alilikaza vizuri. Wala hawakutazamana.

"Ufunguo," Germaine akasema.

Jeannot aliutoa mfukoni, akautupia kwenye meza. Ulilia kama sarafu.

Kisha wakala. Ndiyo, walikula, walikula bukari na samaki na wakanywa munkoyo wote. Chola alisema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Mzee Musonda alimsifu marehemu kwa akili zake nyingi za mashine. Kila mtu alimuaga Germaine kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja aliyesema pardon. Na unga mweupe ambao kwa sheria yao ungepakwa kwenye paji la uso la Jeannot, hadi leo haujasagwa.

Asubuhi iliyofuata Germaine alikaa ndani ya chumba, katika kiti cha Liévin, mlango wazi, kikombe mkononi. Mashine hazikuamka. Alingoja hadi jua likapiga bati. Alipotoka nje aliona kwa nini: Jeannot alikuwa amekata waya upande wake, na kipande kirefu kilikuwa kikining'inia ukutani hadi chini, uani kwa Germaine. Hakuwa ameweza kusema neno moja la aibu, lakini koleo alilipata.

Germaine aliuokota ule waya, akauvuta hadi ukanyooka, akaufunga kwenye msumari upande wa pili wa ua. Kisha akaenda kuchukua vitenge vyake vyeusi vya kilio, alivyokuwa amevifua, akavikamua, akavianika juu yake kimoja kimoja, mahali ambapo Jeannot angeviona kila anapofungua dirisha.